Madoa Niliyoyafuta

Mwanangu, ipo Alhamisi moja ya Dubai ambayo nikiikumbuka najikera mwenyewe hadi leo. Mchana nilikuwa mlinzi wa ghala kule Dubai Investments Park. Jioni nilisomea falaki chuoni. Mwalimu wangu, Dokta Zuhura, mama wa Kizanzibari asiye na maneno mengi, alinipa picha ya eksirei iliyopigwa na darubini ya angani. Ilijaa madoa. Mengi yalitoka kwenye mashimo meusi yanayomeza gesi katikati ya galaksi za mbali, na kazi yangu ilikuwa kulitafutia kila doa galaksi yake katika picha za kawaida.

Likizo ya kwenda nyumbani Kitale ilikuwa imekaribia, nami nilikuwa nimechoka. Doa hafifu nisilolipatia galaksi upesi nililifuta, nikalihesabu kasoro ya mitambo. Nikamwambia Dokta khalas, nimemaliza, nimekagua yote. Akaniamini, akawatumia wenzake orodha.

Alhamisi hiyo akaniita, akauliza madoa hafifu yameenda wapi. Bila haya nikajibu kwamba yalikuwa takataka. Akafungua picha ya darubini nyingine, inayoona joto. Pale nilipofuta palikuwa na galaksi iliyofunikwa vumbi zito. Mwanga wa kawaida haulipenyi vumbi lile, eksirei hulipenya.

“Mashimo meusi yaliyofichwa na vumbi namna hii ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta miaka yote,” alisema. “Kama hukuona, ungeandika hukuona. Kwa nini umeniandikia kwamba hakuna?”

Aliwaandikia wenzake kuiondoa orodha, na kosa akalitaja kuwa lake. Hilo liliniumiza kuliko karipio. Nikaahirisha safari, nikampigia mama simu kumwambia siji. Likizo yote nilikaa mtaa wa Al Nahda, katika chumba tulichogawana watu sita, nikikagua madoa niliyoyafuta, moja moja. Mengi yalikuwa kasoro kweli. Machache yalikuwa mashimo meusi yaliyojificha. Dokta alisema tu “Sawa,” akanipa picha nyingine.

Sasa nawe juzi umeniambia umemaliza kazi ambayo hujafika hata nusu yake. Unanichosha, mwanangu, maana uongo huo naujua vizuri. Usichokijua, sema hukijui. Ukichoka, omba muda. Hakuna aliyekufa kwa kuomba muda. Na usikubali mtu mwingine abebe aibu uliyoitengeneza kwa uvivu wako.

Mungu akupe macho yenye subira, na akukutanishe na mwalimu atakayekukaripia mapema.