Boti Yenye Ngazi Moja

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu maji hukaa kwenye ndoo, na ndoo hufunikwa. Kwa hiyo wifi yangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniambia kwamba familia imekubaliana kukodi boti ya kifahari kwa likizo ya Juni, na kwamba mimi ninayeishi Kyela, karibu na ziwa, ndiye nitakayepanga kila kitu, niliogopa kabla sijaiona hata picha ya hiyo boti.

Anasa hiyo ilikuwa na sababu yake. Baba mkwe alikuwa amevunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kukaa kwenye ubao wa boti ya wavuvi. Alitaka jambo moja tu, kufika kwenye kaburi la mama yake kabla hajafa. Mama huyo alikuwa Mkisi, kabila la ufukweni kule, aliolewa Ngonga, na alipofiwa na mume akarudi kwa kaka zake, kijiji kimoja mbele ya Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Gari halifiki huko. Ilitakiwa boti yenye kitanda na choo cha kukalia, na kwenye ufukwe wa Matema ilikuwapo moja, nyeupe, ya tanga, inayokodishwa kwa watalii.

Wifi yangu hakuiona hofu yangu. Kila siku alinitumia ujumbe mpya wa sauti. Anataka meza ya chakula juu ya sitaha. Anataka samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela, si wali mwingine. Anataka tusimame Ikombe akawaone wanawake wanavyofinyanga vyungu, kisha tuogelee. Mimi nilijibu sawa, wifi, sawa, huku nikimuuliza nahodha kama boti ina jaketi za kuokolea za kututosha wote, na kama zimewahi kujaribiwa na mtu mnene.

"Mwezi wa sita?" nahodha aliniuliza. "Huo ni wakati wa mwera, dada."

"Mwera ndiyo nini?"

"Upepo wa kusini. Ukiamua kuja, haupigi hodi."

Nilimwambia wifi tusubiri Oktoba, ziwa litulie. Akasema likizo yake ni Juni, na baba hana Oktoba ya uhakika. Nilikasirika, maana alisema kweli. Tangu siku hiyo nikawa naota maji yanaingia chini ya mlango wa chumba chetu, na ninayakausha kwa kanga.

Nilikuwa na hofu ya pili pia, na hiyo sikuweza kumwambia nahodha. Kwa Wanyakyusa wa zamani, kabila la mume wangu, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hawakai chini ya paa moja. Ni heshima. Siku hizi mjini wengi wameacha, utawakuta mtu na mkwewe sebuleni wanaangalia mpira. Baba mkwe wangu hakuacha. Alipokuja kwetu alikohoa getini, mimi nikatoka kwa mlango wa jikoni na sufuria yangu, nikazunguka kwa jirani mpaka aondoke. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeuona mgongo wake tu, tena kwa mbali. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikaanza kumwogopa kweli, kama mtoto anavyomwogopa mwalimu mkuu ambaye hajawahi hata kumchapa.

Basi nilipokwenda Matema kuikagua boti, sikutazama magodoro wala friji. Nilitazama milango. Ilikuwa na chumba kimoja chini, na ngazi moja ya kuteremkia. Nahodha alifikiri nakagua usafi, akawa ananionyesha sinki.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba mimi nitabaki. Alikubali haraka mno hadi nikachukia. Aliyekataa ni mama mkwe. Alitoka Ngonga kuja nyumbani kwangu, akakaa jikoni.

"Mwanangu, mimi naogopa hayo maji kuliko wewe," alisema. "Hawa watoto wangu watakuwa wanapiga picha. Nani atanishika mkono?"

Nikashindwa kumkatalia. Tukapanga: mzee atapanda kwanza, alazwe chini, kwenye kichwa cha ngazi tutundike kitenge, mimi nipande mwisho, nikae nyuma kabisa, na nisitie mguu chini hata nikibanwa na haja. Ndiyo likizo ya kifahari niliyojipangia. Wiki ile niliacha kunywa chai ili nijizoeze.

Asubuhi ya safari ziwa lilikuwa limelala. Nilisimama nyuma ya mgahawa wa pale ufukweni mpaka nikaona mume wangu na nahodha wamemshusha mzee chini, ndipo nikapanda. Wifi alifurahi sana, akavaa kofia pana. Tulipita Ikombe, vyungu vimepangwa juani, na kwa muda mfupi hata mimi niliona pazuri. Mama mkwe alikuwa ameukamata mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi.

Kisha mlima ukaingia giza upande wa kusini, na nahodha akaanza kukaza kamba.

Upepo ulipofika ulitupiga ubavuni. Boti ikainama, kofia ya wifi ikaenda, naye akalala kifudifudi akitapika. Mume wangu aliitwa mbele kusaidia kukunja tanga. Mama mkwe alijifunga kwenye mguu wa meza akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, neno moja moja, na kati ya maneno anatapika. Mimi sikuweza kulia wala kuomba. Nilikuwa na hakika tunakufa, na wazo lililonijia ni kwamba wanangu nimewaachia jirani na sikumwambia mdogo anaogopa giza.

Ndipo niliposikia chini kitu kizito kimeanguka, na sauti ya mwanamume ikaguna.

Nilimwita mume wangu, upepo ukalila jina lake. Nikamtazama mama mkwe. Naye alinitazama, kisha akageuza uso wake kuelekea ziwani na kuendelea kuimba.

Niling'oa kitenge, nikateremka ngazi kwa makalio. Mzee alikuwa sakafuni, mguu mbaya umekunjika chini yake, godoro limemwangukia mgongoni. Aliponiona alinyakua shuka akajifunika uso wote. Nikamshika kwapani, nikamvuta mpaka kwenye kona, nikamkinga kwa mwili wangu boti isimtupe tena. Yeye, uso ndani ya shuka, akatoa mkono akapapasa hewani, akaupata mkono wangu, akaushika. Mtu niliyemkimbia miaka yote kwa mlango wa jikoni alikuwa mwepesi, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko wangu. Tulikaa hivyo mpaka boti ikaacha kugonga, na juu nikasikia watu wa kijiji kile cha kaburi wanapokea kamba ufukweni. Nikamwachia, nikapanda haraka, nikatundika kitenge upya.

Mume wangu aliuliza nani alimtoa baba kitandani akamweka kwenye kona. Niliinama kukamua kanga yangu.

"Mimi nilikuwa natapika," mama mkwe alisema. "Sikuona kitu."

Walimbeba mzee kwenye kiti mpaka kaburini. Nilikaa ufukweni na viatu vyangu vilivyolowa, mgongo kwa ziwa, nikiwaza namna ya kurudi Matema kwa miguu kupita milimani. Nilikuwa tayari. Niliapa sitapanda tena hiyo boti, waniite mwoga wakitaka.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuja mahali nilipolala, akakaa karibu, akanisalimia kwa Kinyakyusa, akinong'ona.

"Ugonile, mwanangu. Baba yako amenituma."

"Anasemaje?"

"Anasema anaogopa kurudi. Anasema wewe ukae kulekule chini, karibu, kama jana." Akapangusa mchanga kwenye kanga yangu. "Yeye atafumba macho."