Samaki wa Ndimu Siku ya Kuwashiwa Moto

Ile siku niliyomwandalia mama mkwe wangu samaki asiyeona moto, mwanangu, naikumbuka na bado inanichanganya. Umenionyesha video kwenye simu yako, samaki mbichi anakamuliwa ndimu mpaka anageuka mweupe, ukasema ndicho utakachowapa wageni wako Jumapili. Nimecheka, lakini kuna jambo nataka ulisikie kwanza. Keti kidogo.

Nilikuwa nimetoka kufanya kazi ya jikoni katika hoteli moja Kisumu, nikaolewa huku Namboboto. Kule hotelini nilimwona mpishi mkuu akifanya hivyo hivyo: minofu ya samaki, ndimu, vitunguu, dhania, pilipili. Niliona kwa macho tu, sikumuuliza lolote. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona nimeshahitimu.

Sasa, katika boma lile, mwanamke mpya hakupika kwake mpaka mama mkwe aje kumwashia moto wa kwanza. Siku ilipofika, mama mkwe alikuja na wifi yangu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Nilitamani wanipende mpaka nikakosa akili. Asubuhi nilikuwa nimenunua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kutoka Sio Port, nikamkata vipande vidogo na kumzamisha kwenye ndimu. Mama mkwe akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza mpaka moto ukashika. Hapo hapo nikaweka bakuli mezani na kutangaza kwamba chakula kiko tayari.

Alitazama moto, akatazama bakuli, akatazama moto tena. Kumbe yeye alikuja kuwasha moto wa nini? Nami nikaanza kuchanganyikiwa. Nilibonyeza kipande kimoja, nikakiona kigumu na cheupe kama kilichochemshwa, lakini kilikuwa baridi. Kimeiva au hakijaiva? Kweli sikujua.

“Hii samaki imeiva?” aliuliza.

“Imeiva, mama.”

Wifi akanyoosha mkono. Mama mkwe akaushika mkono ule, akanigeukia bila kupandisha sauti.

“Kama hii mimba ingekuwa yako, ungekula?”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Nikakiri kwamba sijui, nikalia. Hakunigombeza. Alimimina bakuli lote kwenye sufuria, ndimu na kila kitu, akabandika. Tukala samaki mchachu ajabu, wifi akikunja uso na kucheka. Nilipokuwa naosha vyombo, mama mkwe alinisogelea.

“Kutojua si makosa. Lakini ukisema imeiva, mimi nalisha mtoto wangu hiyo neno yako.”

Baadaye muuguzi mmoja jirani aliniambia ndimu humbadilisha samaki rangi lakini haiui minyoo yote. Nilimwelewa nusu. Mpaka leo sijui samaki yule nimwite mbichi au nimwite nani.

Mwanangu, sikukatazi mambo mapya. Huyo samaki wa Jumapili mchemshe kwanza, kisha umkamulie ndimu utakavyo. Ila mgeni akikuuliza, mwambie unalolijua na usilolijua, maana anayekula kwako amekukabidhi mwili wake. Mficha uchi hazai. Mungu aijaze nyumba yako wageni, na akupe ulimi usioona haya kusema “sijui” kabla mkono wa mtu haujafika kwenye sahani.