Bibi Usiguse

Watoto wa shule wanaotembelea makumbusho ya taifa humwita Bibi Usiguse, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kuwapokea na ndilo la kuwaagia. Kazi yake ni kufuta vioo. Kitambaa hakimtoki begani, na kila kundi likipita hukipulizia kioo pumzi, haaa, akakisugua mpaka ajione meno. Asubuhi moja mkurugenzi akamwambia kwamba ile baiskeli ya tarishi wa kwanza wa posta inapelekwa stoo. "Nani anaitazama, mama? Kioo chake hakina hata alama ya kidole!" Bibi Usiguse akakitazama kitambaa chake. Kumbe bidii yake ndiyo iliyoiponza baiskeli ya watu!

Basi watoto walipoingia, wakaipita mbio bendera na kiti cha rais na kujazana kwenye baiskeli kama ilivyo ada yao, yeye alikunja kitambaa akakikalia. "Leo guseni," akasema. "Mikono, mashavu, pua, yote ruhusa." Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko na kubandika nyuso kiooni. "Bibi, kengele yake bado inalia?" "Inalia, wajukuu zangu, tena inasikika mtaa wa pili!"

Jioni mkurugenzi akakiona kioo kilivyochafuka, kuanzia kiunoni kwenda chini. "Mama, leo unaumwa?"

"Mzima kama kigongo, bosi. Hizo ni pua. Zihesabu."

Akainama kuhesabu. Akasogea, akasogea tena aione vizuri ile kengele, na alipoinuka, pua zilikuwa zimeongezeka moja.