Aliyemsimamia Abner Strode

Verna Dirks alipika chakula cha shule ya Kaunti ya Strode kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya watu wazima wa huku kwetu wamekulia mikononi mwake. Kila Jumatano ilikuwa maharage ya nyama na pilipili, na mkate wa mdalasini pembeni. Hakuolewa wala hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye. Alizeekea katika nyumba ya wazazi wake, hatua arobaini kutoka mlango wangu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nikiamka naangalia kama pazia la jikoni kwake limefunguliwa, naye akiangalia langu.

Lakini simwandiki kwa ajili ya mapishi. Namwandika kwa sababu ya kusimama.

Huku Kansas kaunti nyingi zilichorwa kwenye ramani kabla ya wakulima kufika. Wenyeji waliokuwa wakiwinda nyati humu hakuna aliyewauliza wanapaitaje. Wakubwa walikaa huko mji mkuu na rula, wakapiga mistari, wakapata masanduku, na kila sanduku likataka jina. Walianza na magavana, wakaja majenerali, wakaja mito. Masanduku yakawa bado yapo. Basi wakafungua orodha ya vijana waliokufa katika vita vya kukomesha utumwa, wakachukua majina humo. Ndivyo jirani zetu wa mashariki walivyopata jenerali mwenye farasi, na sisi tukapata Abner Strode, askari asiye na cheo, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye udongo wetu hakuwahi kuukanyaga.

Jumatatu ya mwisho ya Mei ndiyo Siku ya Makaburi. Maua ya piyoni tunayakata wiki moja kabla, yakiwa bado yamefumba, tunayafunga kwa gazeti na kuyaweka kwenye friji karibu na mayai ili yachanue siku yenyewe. Tunayatia kwenye makopo ya kahawa, tunakwenda nayo makaburini, tunakaa kwenye viti vya kukunja huku upepo ukitupigapiga, na msomaji anasoma majina. La kwanza ni Abner Strode, kwa kuwa ndiye mwenye kaunti. Kisha askari wetu waliozikwa pale, kisha wote waliofariki mwaka ule. Jina likisomwa, mtu wa ukoo wake anasimama, na msomaji anatia alama kwenye karatasi. Asipokuwapo wa kusimama, msomaji hungoja kidogo, halafu hupita.

Abner alikuwa akipitwa kila mwaka. Yeye alizikwa Arkansas, na watu wake walikuwa wameshahamia Indiana.

Mwaka Verna alipokuwa na miaka ishirini na miwili, alikwenda kumsimamia baba yake, aliyefariki majira ya baridi. Waliokuwapo wanasimulia kwamba jina la Abner liliposomwa, Verna alisimama. Mama yake akamvuta gauni.

"Kaa chini! Bado si zamu ya baba yako."

"Najua, mama."

Msomaji hakujua afanye nini, akatia alama. Baadaye wanaume wakamzunguka penye magari.

"Verna, huyu Abner amekuwa mjomba wako tangu lini?"

"Au ndiye mchumba tuliyekuwa tukimsubiri?"

Verna akawajibu, "Jina lake mnaliandika kwenye kila barua. Limo kwenye hati zenu za ndoa. Halafu akitajwa mnakaa kitako kama magunia?"

Wakacheka, ila hakuna aliyemkataza. Akasimama mwaka uliofuata, na uliofuata.

Aliandika barua mji mkuu kuomba habari zake, ikaja karatasi moja tu. Mkulima, macho ya bluu, alikufa kwa surua kambini miezi mitatu baada ya kuandikishwa. Watu wengine walitamani angeificha. Vijana wa kaunti ya jenerali walipozisikia habari hizo, walikuja kwenye mechi ya mpira wa kikapu wakaimba, "Surua! Surua! Msitukaribie!" Verna alikuwa akiuza soda pale mlangoni. Akawaambia, "Imbeni tu, wanangu. Huyo jenerali wenu alikufa kitandani akiwa na miaka themanini. Wetu hakufika hata ishirini." Karatasi ile aliitunza ndani ya Biblia yake.

Kaunti ilipokaribia kutimiza miaka mia na hamsini, Lyle Pruett, mwenyekiti wa madiwani na msomaji wa majina, alikuja kwa Verna asubuhi moja. Nilikuwepo, tunamenya viazi.

"Bi Verna, nina habari njema. Nimempata mtu wa ukoo wa Strode! Kitukuu wa kaka yake Abner. Curtis Strode, fundi bomba wa Indiana. Anakuja Mei."

Verna akaendelea kumenya. "Vizuri sana, Lyle."

"Sasa... unajua desturi. Ni mtu wa ukoo ndiye anayesimama."

"Desturi naijua tangu wewe ukilia kwa kunyimwa mkate wa pili."

Lyle alipoondoka, nikamwambia, "Dada, si haki. Miaka arobaini na saba!"

"Nilikuwa nimeshika kiti cha mtu," akasema. "Mwenyewe akija, unampisha." Lakini viazi vile alivimenya mpaka vikabaki kama mawe ya kuchezea, na Jumapili kanisani hakuimba. Nilimwombea. Mtu asiye na mume, mtoto wala ndugu, siku yake moja ya kusimama mbele za watu ilikuwa ile.

Siku ikafika. Curtis alikaa mstari wa mbele, mtu mnene, kofia kichwani, miwani ya jua. Sisi tulikaa nyuma yake. Lyle akasoma, "Abner Strode."

Curtis hakutikisika. Lyle alikuwa amemweleza njia ya kuja na mahali pa kulala, la kusimama akalisahau. Kwetu sisi ni jambo la kuzaliwa nalo, nani angekumbuka kumwambia mgeni? Lyle akakohoa, akasoma tena. Shingo zote zikageuka kwa Verna. Angesimama, hakuna ambaye angemlaumu. Nami moyoni nilikuwa nikisema, simama, simama.

Verna akainama, akamgusa Curtis begani. "Simama, baba. Ni wako."

Curtis akainuka, akavua kofia. Lyle akatia alama. Verna alibaki kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, na hivyo ndivyo alivyokaa mpaka jina la mwisho.

Katika ukumbi ulio chini ya kanisa, penye kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, Curtis alikuja na sahani yake.

"Mama, kabla yangu alikuwa anasimama nani?"

"Mimi."

"Miaka mingapi?"

Alipoambiwa aliweka sahani chini. "Kwetu hakuna aliyejua kama aliwahi kuzaliwa. Na wewe una wangapi hapa wa kuwasimamia?"

"Wangu wote wameshasomwa."

Verna akafungua Biblia, akampa ile karatasi. Curtis akataka kumrudishia. Verna akakataa. "Ni ya nyumbani kwenu. Kula kuku, anapoa."

Mwaka uliofuata Curtis alikuwa na kazi, akatuma kadi kumwomba Verna asimame. Akasimama. Na uliofuata pia. Kila Krismasi kadi ikaja.

Mwaka jana, mwezi wa pili, niliamka nikaona pazia halijafunguliwa. Nilivuka kwenye theluji hadi kwake. Alikuwa amelala tu, Bwana alikuwa amemchukua bila kumsumbua. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameniambia, "Mdogo wangu, Abner msimamie wewe."

"Na wewe je?"

"Wewe simama kwa Abner. Mimi Mungu analijua jina langu."

Lakini mimi nilitaka asomwe na asimamiwe. Nilimfuata Lyle, naye kwa huzuni akasema desturi haimruhusu mtu asiye wa ukoo kusimama mara mbili, na watu wake Verna hakuna. Nikamwandikia Curtis kwamba amefariki, basi. Sikuomba kitu. Indiana ni mwendo wa saa kumi na mbili.

Siku ya Makaburi nilikaa mbele. Lyle akasoma, "Abner Strode," nikasimama, nikakaa. Majina ya askari yakapita. Wakaja wa mwaka.

"Verna Dirks."

Lyle alingoja. Nikatazama kopo langu la maua. Kisha nikasikia kiti cha mstari wa nyuma kikilia, na watu wakigeuka. Curtis alikuwa amesimama, kofia mkononi, shati limekunjamana kwa safari.

Lyle alimtazama kitambo. Akatia alama, akasoma jina lililofuata.