Mashine ya Kuchoma Faili

Mimi ni karani wa shule huku Kaloleni. Kompyuta yetu ilikuwa ikizimika ovyo, basi mwalimu mkuu akanituma Malindi kununua mashine ya kuhifadhia matokeo ya wanafunzi kwenye diski. Muuzaji akaniuliza, "Dada, wataka ya kusoma tu au ya kuchoma?"

Nikamkaripia: "Nichome matokeo ya watoto wa watu? Nipe ya kusoma!"

Jumatatu, mbele ya walimu wote, mashine ikakataa kuhifadhi hata jina moja. Mwalimu wa kompyuta akaigeuzageuza. "Bi Kadzo, hii inasoma tu. Kuweka faili kwenye diski ndiko tunakoita kuchoma."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sikuinamisha kichwa.

"Chekeni," nikawaambia, "lakini aliyeita kuhifadhi kuchoma aje anieleze."