Koo Tatu Ndani ya Folda Moja

Mwaka wa tatu sasa nakaa meza moja na Yi-rou katika ofisi ya kuhifadhi vitabu vya nasaba za koo, hapa Tainan, Taiwan. Mimi nilitangulia. Yeye alikuja na kicheko chake, na mwezi haujaisha ofisi nzima ilikuwa yake.

Kazi yetu huendeshwa kwa amri za kuandika kwenye kompyuta. Yi-rou aliitupa programu tuliyoizoea, akaleta mpya yenye rangi, inayokisia neno kabla hujalimaliza. Wote wakamsifu. Mimi nikasoma maelezo yote ya programu hiyo, nipate pa kumkosoa.

Ijumaa angetangazwa msimamizi wa hifadhi, mmoja kati yetu. Alhamisi Yi-rou aliandika mstari wenye amri mbili: hamisha folda za akina Yen, Tu na Hsiao ziende hifadhini, jina la mahali lisomwe kwenye faili la lebo; ikifaulu, wajulishe kwa barua wazee wa koo hizo.

Faili la lebo lilikuwa tupu. Niliona. Programu ya zamani ingebakiza walau neno "hifadhi". Hii, ikikosa jina, huifuta anwani nzima, na folda ya mwisho kwenye orodha, hapa ya akina Hsiao, ndiyo inayopokea nyingine.

"Dada Shu-hui, mbona unanikodolea macho? Nina wali usoni?"

"Hapana."

Akabonyeza. Kompyuta haikulalamika, kwa hiyo barua nazo zikaenda.

Haikupita saa, simu ikalia. Mzee Tu alifoka mpaka mimi nikamsikia: "Nani kawahamishia babu zangu kwa akina Hsiao? Tumeolewa?"

"Mzee, na mahari hamkudai?" Yi-rou akamjibu. Mzee akacheka! Kisha Yi-rou akaenda mwenyewe kwa mkuu wetu, Bwana Kuo. "Ni mimi, Mkuu. Nimezirundika koo." Dakika tano, kila folda ilikuwa mahali pake.

Bwana Kuo akasimama nyuma yangu. Ukurasa wa maelezo ulikuwa bado wazi kwenye kioo cha kompyuta yangu, sehemu ile ile nimeipaka njano.

"Ulijua?"

Nikaufunga ukurasa.

"Mwenzako amekosea, akasema. Wewe ulijua, ukanyamaza."

Ijumaa jina lilibandikwa mlangoni. Sikusogea kulisoma; nilijua si langu. Yi-rou akaniletea keki ya nanasi, zawadi ya Mzee Tu.

"Kula, dada. Halafu unifundishe ule ukurasa."

Nilikula. Ilikuwa tamu, na hata utamu ule nilimwonea kijicho.