Kitambi Kilichobaki

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kliniki ya figo. Damu yake husafishwa kwa maji yanayotiwa tumboni kwa mpira, kisha kutolewa. Muuguzi akamzungushia kiunoni futi ya kupimia.

"Hiki si kitambi, mwanangu," jirani akasema. "Ni maji yenu."

"Maji tushayatoa, baba, mfuko ule pale. Kilichobaki ni chako, na ndicho kinachokupunguzia umri."

Mkewe, aliyekuja naye, akadakia: "Akikonda, watu watasema simlishi."

Muuguzi akakunja futi taratibu. "Na akifa, bi mkubwa, watasema ulimlisha vizuri?"

Jirani akatoa sambusa mbili mkobani mwa mkewe, akanipa mimi zote.

Nikazila, huku nimebana tumbo tangu futi ilipotokea.